Kumtunza mzazi aliyedhoofika nyumbani: kuanzia kitandani hadi zamu za familia

Kumvalisha mzee shati huchukua dakika 2. Kumwacha avae mwenyewe, wewe ukimshikia tu ule mkono wa pili wa shati, huchukua dakika 15. Familia nyingi huchagua zile 2, na matatizo yanaanzia hapo, kwa sababu mkono usionyanyuliwa leo hautafika begani mwezi ujao. Nguvu za mzee huondoka upesi kuliko watu wanavyodhani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 mfululizo walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Mzazi aliyekwisha kudhoofika hana kilo hiyo ya kupoteza.

Kwa hiyo yote yaliyo hapa chini yanafuata msimamo mmoja: unamsaidia afanye, humfanyii, isipokuwa lile asiloliweza kabisa. Vidonda vya kulalia, choo kigumu, kifua kujaa na kuanguka ovyo vinaonekana kama shida mbalimbali, lakini mara nyingi mzizi wake ni huo mmoja: mzee amelazwa mno.

Hatua ya 1: Jua anachokiweza

Usianze na kununua vifaa. Anza na kumwangalia. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisiteleze, umwombe akunje mikono kifuani kisha ainuke na kuketi mara 5. Wewe simama ubavuni kwake, tayari kumdaka. Shirika la Afya Duniani, katika utaratibu wake wa kuwapima wazee, limeweka kikomo cha sekunde 14. Akizidi hapo, au asipoweza kuinuka bila kushika kiti, miguu yake imepungukiwa nguvu na inabidi mzingatie sana habari ya kuanguka.

Muulize pia kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3 iliyopita bila kukusudia, na kama hamu ya kula ipo. Wasiokuwa na mizani waangalie nguo zinavyompwaya, pete inayochomoka, na meno ya bandia yasiyokaa tena. Mtajie maneno 3 rahisi, zungumzeni mengine kidogo, halafu muulize aliyoyakumbuka. Mpime na masikio: simama nyuma yake umbali wa mkono, unong'one maneno machache ayarudie. Wapo wazee wanaosemwa wamepoteza akili kumbe wana nta masikioni tu, na nta hiyo mhudumu wa afya huitoa kwa muda mfupi.

Kisha chora safu 3 kwenye daftari: anafanya mwenyewe, anafanya akisaidiwa, hawezi. Andika humo kuinuka kitandani, kwenda chooni, kuoga, kuvaa, kula na kumeza dawa. Rudia kila mwezi, na kila baada ya ugonjwa au kulazwa hospitali. Jambo linalohama kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili ndani ya wiki chache lina sababu, na sababu hiyo itafutwe. Kusema "ni uzee huo" ni kuacha kutafuta.

Hatua ya 2: Tengeneza njia ya chooni

Njia inayopitwa usiku kutoka kitandani hadi chooni ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kabla ya sebule na kabla ya jikoni. Ondoa mikeka midogo na mazulia yanayoteleza, waya zinazokatiza, na ndoo zilizoachwa njiani. Weka taa anayoweza kuiwasha akiwa bado amelala. Taa ikiwa mlangoni, atatembea gizani kuifuata.

Urefu wa kitanda upime hivi: akiketi ukingoni, nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yakunjike kama pembe ya kiti, nyonga zikiwa juu kidogo ya magoti. Kitanda kifupi kinamfanya ashindwe kuinuka. Kirefu kinamfanya ateleze. Godoro lililobonyea ukingoni lina hatari ile ile ya kitanda kirefu, kwa hiyo ligeuzeni au libadilishwe.

Chooni panatakiwa kishikio kilichofungwa ukutani kwa skrubu. Bomba la kutundikia taulo halikutengenezwa kubeba mtu. Litang'oka siku atakapoliegemea kweli. Miguuni avae viatu vilivyofungwa nyuma, vyenye soli isiyoteleza. Ndala na soksi tupu ziwekwe kando.

Kuhusu mkongojo, makosa ni mawili na yote ni ya kawaida. La kwanza ni urefu: asimame wima amevaa viatu, mikono ining'inie, na mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono. La pili ni upande: mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima, na husogezwa pamoja na ule mbovu. Wengi hushika upande wa maumivu, wakazidi kuuelemea mguu unaouma.

Hatua ya 3: Kumtoa kitandani bila kuvunja mgongo

Hapa ndipo watunzaji wengi wanapoumia, na wazee wanapoteguka mabega. Usimvute mikono. Usimnyanyue kwa kwapa. Usimruhusu akukumbatie shingo, kwa maana akilegea ghafla uzito wote unaingia kwenye uti wako wa mgongo.

1. Sogeza kiti karibu na kitanda, upande wa mwili wake ulio na nguvu. Kama ni kiti cha magurudumu, funga breki zote mbili na uinue vibao vya kukanyagia.

2. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujamgusa: "Mama, sasa tunageukia upande huu." Mzee aliyeshtuliwa hukakamaa, na mwili uliokakamaa una uzito maradufu mikononi mwako.

3. Mkunje magoti, mgeuze alale ubavu akikutazama. Mkono mmoja uweke nyuma ya bega lake, mwingine nyuma ya nyonga.

4. Teremsha miguu yake nje ya kitanda, huku yeye akijisukuma kwa kiwiko na kiganja. Uzito wa miguu inayoshuka ndio unaoinua kiwiliwili. Ukizipata hizi mbili kwa wakati mmoja, unatumia nguvu kidogo mno.

5. Mwache akae ukingoni dakika 1 hadi 2. Achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara 10. Muulize kama anaona kizunguzungu. Mwenye mashine ya presha apime akiwa amelala, kisha tena ndani ya dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari aelezwe, kwani mara nyingi kuna dawa ya kupunguzwa.

6. Msogeze mbele hadi makalio yakae ukingoni. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, zikiachana kwa upana wa mabega.

7. Simama mbele yake, goti lako likizuia goti lake dhaifu. Kunja magoti yako, mgongo unyooke. Mshike kiunoni, au kwa mkanda mpana wa kitambaa uliofungwa juu ya nguo zake.

8. Mwambie ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, asukume kitanda kwa mikono. Hesabuni pamoja hadi 3, ainuke.

9. Akishasimama, pumzikeni kidogo. Mgeuze kwa hatua ndogo ndogo, bila kupindisha kiuno chako, hadi nyuma ya magoti yake iguse kiti. Ndipo aketi, akishika mikono ya kiti kwanza.

Hatua ya 8 ndiyo inayorukwa. Mtunzaji anamwinua mzee aliyekaa wima au aliyeegemea nyuma, uzito uko nyuma ya miguu, kisha wote wawili wanaangukia kitandani. Asipoinama mbele, msisimame. Mrudieni hatua ya 6. Na kama miguu yake haibebi uzito hata kidogo, mtu mmoja asijaribu. Ombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awafundishe kumhamisha kwa watu wawili au kwa kifaa cha kunyanyulia.

Akianguka

Usikimbilie kumwinua. Kaa naye chini, mfunike, umtazame. Mguu mmoja ukionekana mfupi na kidole gumba kimegeukia nje, nyonga huenda imevunjika. Msimsogeze, itisheni usafiri wa wagonjwa. Akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole kwa saa nyingi kabla dalili hazijaonekana.

Akiwa hana maumivu makali na akili imetulia, mwongoze ajigeuze ubavu, apige magoti huku mikono ikiwa chini, atambae hadi kwenye kiti ulichokisogeza mbele yake. Aweke viganja kwenye kiti, apandishe mguu wenye nguvu ukanyage sakafu, asukume. Leta kiti cha pili nyuma yake akalie. Asipoweza, mpe mto na blanketi, usubiri msaada. Kila anguko liandikwe: saa ngapi, wapi, alikuwa anaenda kufanya nini. Maanguko 3 ya saa 9 usiku njiani kwenda chooni yanakuonyesha pa kuanzia.

Ngozi: kazi ya kila siku

Kidonda cha kulalia huanza kabla hakijaonekana. Mfupa unagandamiza nyama dhidi ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana kidonda kidogo juu ya ngozi huweza kuwa na shimo kubwa chini yake.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, mpaka mhudumu wa afya akague ngozi na godoro aseme vinginevyo. Aliye kwenye kiti asogezwe au ajiinue kidogo kila nusu saa. Ukimgeuza ubavu, usimlaze moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamishe kidogo tu, nyuzi 30 hivi, mto ukimkinga mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Visigino vining'inie hewani: laza mto kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, usiishie chini ya goti wala usikanyagwe na kisigino. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baada yake, la sivyo mwili huteleza chini, ngozi ikabaki imeshika shuka, na tabaka zake zikachanika ndani.

Kumpandisha juu kitandani, tumieni shuka lililokunjwa mara mbili, limetandikwa kuanzia mabega hadi mapajani, watu wawili wakilishika pande mbili. Anyanyuliwe, asiburutwe.

Kila asubuhi na jioni, penye mwanga, angalieni kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, makombe ya mabega, viwiko, nyuma ya kichwa na masikio. Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole sekunde chache uachie. Usipofifia, mgandamizo umekwisha kuumiza hapo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo linganisha na ngozi ya jirani: je, pamekuwa peusi zaidi au na rangi ya zambarau, pana joto au baridi kupita kawaida, pamekuwa pagumu au panabonyea kama tope? Muulize pia panapouma.

Mahali palipobadilika pasilaliwe tena hadi parudi kawaida. Pasisuguliwe wala kukandwa. Mkandaji anamalizia mishipa iliyobaki. Msitumie mto wa duara wenye tundu katikati, maana ukingo wake unabana damu pande zote. Ngozi ikishafunguka, osheni kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, funikeni kwa bandeji safi, muiteni muuguzi. Spiriti na dawa zinazotoa povu zinaua nyama changa inayojaribu kuota. Gamba jeusi kavu kisiginoni msilibandue. Harufu mbaya, usaha, homa au mfupa kuonekana ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kuoga na kuvaa

Si lazima aogeshwe mwili mzima kila siku. Uso, mikono, makwapa na sehemu za siri ndizo zisizoahirishwa. Maji yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako, si kwa kiganja kilichozoea moto. Kama anaogeshwa kitandani, anza usoni, shuka mikononi, kifuani, tumboni, miguuni, mgongoni, umalizie sehemu za siri na makalio kwa maji mapya na kitambaa kingine. Mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Fungua sehemu unayoiosha tu, iliyobaki ifunikwe. Kausha mikunjo yote: chini ya matiti, kinena, katikati ya vidole. Kausha kwa kugusisha taulo, usifute kwa nguvu.

Kwa aliyepooza upande mmoja, nguo huingia kwanza upande uliopooza, na hutoka kwanza upande mzima. Ukigeuza utaratibu huo utakuwa unakunja bega lisilojilinda.

Akikataa kuoga, tafuta sababu kabla ya kubishana. Mara nyingi ni baridi, au maumivu, au hofu ya kuteleza, au haya. Mama anaweza kukataa kabisa kuogeshwa na mwanawe wa kiume na asiseme kwa nini. Muulize angependa nani amsaidie. Kama ana ugonjwa wa kusahau, ahirisha nusu saa, urudi na kauli nyingine. Ubishi ule ameshausahau, wewe ndiye bado umeubeba.

Kula na kunywa

Akae wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo. Na wewe uketi, macho yenu yawe usawa mmoja. Anayelishwa na mtu aliyesimama hulazimika kuinua uso, na shingo iliyonyooka kwenda nyuma huacha njia ya hewa wazi. Chakula kikakosea njia. Tumia kijiko cha chai, ujaze nusu. Subiri uone koo limepanda na kushuka kabla ya kijiko kingine. Katikati ya mlo mwambie aseme "aaa": sauti ikitoka ya majimaji, kama mtu anayesukutua, kuna kitu kimekaa kooni, mwache akohoe na kumeza tena. Angalia mashavu kwa ndani, hasa upande uliopooza, kwani chakula hujificha huko. Abaki wima nusu saa baada ya kula.

Kupaliwa mara kwa mara, hasa na maji matupu, na vifua vinavyojirudia rudia ni dalili kwamba kumeza kuna hitilafu. Msianze kuongeza uzito wa vinywaji kwa kubahatisha. Vinywaji vizito havipendezi, mzee hupunguza kunywa, mkaondoa tatizo moja na kuleta upungufu wa maji. Apimwe kwanza na mtaalamu wa kumeza.

Mswaki ni asubuhi na usiku, hata kama hana jino. Fizi na ulimi visafishwe kwa kitambaa laini au brashi laini. Meno ya bandia yatolewe usiku. Mate yaliyojaa vijidudu yakishuka mapafuni huleta nimonia, na nimonia inawaua wazee wengi waliodhoofika.

Wazee hawasikii kiu kama zamani, kwa hiyo usisubiri aombe. Kila asubuhi jaza chombo cha lita 1.5, mnywesheni kutoka humo siku nzima, usiku muone kilichobaki. Wenye moyo au figo dhaifu wafuate kiasi walichopewa na daktari. Upande wa chakula, tatizo kubwa ni protini: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 50 hadi 60 kwa mzee wa kilo 50, ila mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8. Ukihesabu utagundua kikombe cha uji mwepesi mara tatu kwa siku hakifiki hata robo. Milo midogo 5 au 6 hukubalika kuliko 3 mikubwa.

Choo na mkojo

Mpelekeni kila baada ya saa 2 au 3 wakati wa mchana bila kusubiri aseme, na dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa chakula kinapoingia tumboni utumbo mpana nao huamka. Miguu ipandishwe kwenye kibao kifupi, magoti yawe juu ya nyonga; mkao huo hunyoosha njia ya choo. Kumnyima maji ili asijikojolee ni kosa: mkojo unakuwa mkali, kibofu kinawashwa, haja inazidi. Punguzeni tu vinywaji saa 2 kabla ya kulala.

Jambo moja linawapotosha hata watunzaji wazoefu. Mzee hajapata choo siku 5 au 6, halafu ghafla anaanza kuvuja choo cha majimaji kidogo kidogo, kinachafua nguo mara nyingi kwa siku. Familia inaona anaharisha, inampa dawa ya kufunga tumbo. Kumbe choo kigumu kimeziba njia, na yale majimaji ya juu yanapita pembeni yake. Dawa ya kufunga inazidi kukaza kizibo. Kabla ya kumpa chochote, fungua daftari uone siku ya choo cha mwisho, uguse tumbo kama ni gumu, umwite muuguzi apime.

Mwenye mpira wa mkojo: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, mrija usikunjike wala kulaliwa, na umwagwe kabla haujajaa kabisa. Mkojo ukiacha kutoka kwa saa kadhaa na tumbo la chini limevimba, ni dharura.

Dawa

Kusanya kila kitu anachokitumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na dawa za macho, za kuchua na za mitishamba, umpelekee daktari au mfamasia angalau mara mbili kwa mwaka. Mara kwa mara huonekana dawa ile ile yenye majina mawili ya biashara, imeandikwa na madaktari wawili, inamezwa yote.

Vidonge vinavyoachia dawa polepole havisagwi, kwani dozi ya siku nzima huingia mwilini kwa mkupuo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisitolewe kiholela: zinaumiza figo, zinapandisha presha, zinachubua tumbo. Dawa za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, huwachanganya wazee akili na kuwaangusha. Mwenye kisukari anayeendelea na dozi ya zamani huku anakula nusu ya alivyokuwa akila yuko hatarini kushukiwa na sukari: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka. Sukari chini ya milimoli 4 kwa lita, kama anaweza kumeza, mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni, ni hospitali.

Akibadilika ghafla

Ugonjwa wa kusahau huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri juzi, leo hatambui chumba chake, au anaona vitu visivyokuwepo, au amelala tu na haamki vizuri, huyo ana ugonjwa mwingine unaomshambulia sasa hivi. Yule aliyenyamaza hupuuzwa zaidi ya yule anayepiga kelele, ingawa hatari ni moja. Angalieni maambukizi ya mkojo au kifua, ambayo kwa wazee huweza kuja bila homa, upungufu wa maji, choo kilichoziba, mkojo uliobana, dawa mpya, maumivu asiyoweza kuyaeleza. Aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ni kiharusi: andika saa dalili zilipoanza, muondoke mara moja, kwa sababu baadhi ya tiba hutolewa ndani ya saa chache tu za mwanzo.

Kugawana kazi

Kaeni kikao, mzazi mwenyewe akiwepo kama akili yake inaruhusu. Orodhesheni kazi zote na muda wake, pamoja na zile za usiku. Mtu mmoja akiona kwa macho kwamba mwenzake anafanya saa 11 kwa siku, mabishano mengi hupungua. Anayeishi mbali hawezi kumgeuza mzee, lakini anaweza kulipia msaidizi, kufuatilia miadi na dawa kwa simu, na kutumia likizo yake kushika zamu ili anayeshinda na mzazi apumzike. Yule anayekuja siku 2 kwa mwaka na kugundua kila kosa apewe zamu ya usiku. Maoni yake yatakuwa na manufaa zaidi asubuhi.

Fedha ziwe na mshika fedha mmoja na daftari lake, risiti zibandikwe humo. Idhini ya maandishi ya nani amwakilishe mzazi benki na hospitalini ishughulikiwe akiwa bado anaelewa anachotia saini. Akishapoteza uwezo huo, njia inayobaki mara nyingi ni mahakama. Taratibu hutofautiana kila nchi, kwa hiyo mwanasheria aulizwe mapema.

Anayemtunza apate siku moja nzima kwa wiki asiyokuwa zamu, na usiku kadhaa wa kulala bila kuamshwa. Ukijikuta umemvuta mkono kwa hasira, au unamfungia chumbani ili upate utulivu, hiyo ni alama kwamba umefika ukingoni. Hakikisha yuko salama, toka nje dakika 5, halafu siku hiyo hiyo waambie ndugu zako bila kupunguza maneno.

Daftari la zamu lining'inizwe chumbani. Ukurasa wa kwanza uwe na magonjwa yake, dawa na saa zake, mzio, namba za simu za daktari na za ndugu wawili. Kurasa zinazofuata, kila zamu iandike alichokula, alichokunywa, choo, mkojo, mara alizogeuzwa na alipokaa kwenye kiti. Zamu zinapopokezana, anayeondoka haagi kwanza. Wote wawili wanafunua shuka, wanaangalia kifandugu na visigino kwa pamoja, wanaandika walichokiona, ndipo mmoja anaenda kulala.